Duka, Mawimbi na Hadithi: Kukua na Kuvunjika kwa Kampuni ya Experimenter

Tarehe 20 Februari 1929 baadhi ya wadai walipeleka ombi mahakamani huko New York kwamba Kampuni ya Experimenter Publishing itangazwe kuwa muflisi. Kampuni haikusimama kujitetea. Deni lake lilihesabiwa kuwa kiasi cha dola laki sita, na mali yake haikufika hata nusu ya hapo. Walioingia kuiandika mali hiyo walikuta vitu ambavyo ni nadra kuwa chini ya dari moja: gazeti la mafundi wa redio, gazeti la uvumbuzi, kituo cha redio chenye mitambo yake, akiba ya karatasi na michoro, orodha ya wasomaji waliolipa kwa mwaka, na gazeti moja la hadithi ambalo lilikuwa halijatimiza miaka mitatu. Gazeti hilo la hadithi liliitwa Amazing Stories. Yawezekana kwamba katika daftari la wasimamizi lilikuwa mstari mmoja tu kati ya mistari mingi. Leo hii ndilo sababu pekee ya wanafunzi wa fasihi kulikumbuka jina la kampuni hiyo.

Waliokwisha kuandika juu ya jambo hili wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza humsifu mwenye kampuni, Bwana Hugo Gernsback, kama baba wa hadithi za kisayansi; humvika joho la nabii na kuzihesabu ndoto zake zilizokuja kuwa kweli, kana kwamba thamani ya mwandishi hupimwa kwa mizani ya mpiga ramli. Kundi la pili humtaja kama bakhili aliyewanyima waandishi ujira wao, na akawafundisha wasomaji kuridhika na maandishi dhaifu. Makundi haya mawili yana kosa moja: yote yamemtazama mtu, wala hayakulitazama duka lake. Gernsback alikuwa mfanyabiashara wa vifaa kabla ya kuwa mhariri, naye alikuwa mhariri kabla ya kuwa mtunzi. Utaratibu huo wa kazi zake ndio uliozipa hadithi za gazeti lake umbo zililokuwa nalo. Kuvunjika kwa duka nako, ambako aghalabu husimuliwa kama msiba, ndiko kulikozipa hadithi hizo jina lake na sehemu ya uhuru wake.

Gernsback alizaliwa Luxembourg mwaka wa 1884, akavuka bahari kwenda Marekani mwaka wa 1904 akiwa na betri aliyoitengeneza mwenyewe na tamaa ya kuiuza. Betri haikumtajirisha. Kilichompatia riziki ni biashara ya kuagiza vifaa vya umeme kutoka Ulaya na kuviuza kwa posta, chini ya jina la Electro Importing Company. Kufikia mwaka wa 1906 kampuni hiyo ilikuwa ikitangaza chombo kidogo cha simu ya upepo kilichoitwa Telimco, kwa bei ya dola nane na nusu. Wanunuzi wake wengi walikuwa vijana na mafundi wa nyumbani.

Sasa, mtu auzaye sufuria hana haja ya kumfundisha mnunuzi kupika. Auzaye koili na waya kwa kijana wa kijijini hana budi kumfundisha, la sivyo kifurushi kitarudi kwa posta pamoja na manung'uniko. Basi orodha ya bidhaa ya duka lile ikajaa maelezo, maelezo yakazaa makala, na makala yakazaa gazeti: Modern Electrics mwaka wa 1908, kisha Electrical Experimenter mwaka wa 1913. Mwaka wa 1915 Hugo na ndugu yake Sidney waliunda Kampuni ya Experimenter Publishing. Baada ya vita vikuu vya kwanza likatoka gazeti la redio lililokuja kuitwa Radio News, na Electrical Experimenter likabadilishwa jina mwaka wa 1920 kuwa Science and Invention. Mizizi ya magazeti haya yote ni ile orodha ya bidhaa, na harufu ya orodha hiyo haikuyatoka kamwe.

Ni katika udongo huo ndimo hadithi zilimopandwa. Kuanzia Aprili 1911 Gernsback alichapa katika Modern Electrics hadithi yake ndefu Ralph 124C 41+, sehemu moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Aliianza pasipo kujua ataimaliza vipi, na msomaji mwangalifu hahitaji kuambiwa hivyo na mtu, maana kitabu chenyewe chashuhudia. Shujaa wake ni mvumbuzi wa mwaka wa 2660. Kila aingiapo chumbani hukuta mtambo, na kila mtambo hauna budi kuelezwa. Mapenzi yake na binti anayemwokoa ni uzi mwembamba wa kutungia mitambo hiyo. Wahakiki wamecheka sana kwa ajili ya uandishi huu, nao wana haki. Walakini kicheko hakijaeleza kwa nini kitabu kiko hivyo. Ralph 124C 41+ ni matembezi dukani. Mwenye duka amemshika mgeni mkono, anampitisha rafu kwa rafu, anamwonyesha kitu na kumweleza kazi yake, tofauti ikiwa ni kwamba bidhaa hizi bado hazijatengenezwa na bei yake haijulikani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu lilikuja kugeuzwa kanuni. Gernsback alipoanza kuwaelekeza waandishi wengine, alisema kwamba hadithi bora ya namna hii ingekuwa robo tatu fasihi na robo moja sayansi, na sayansi yenyewe iwe sahihi na yenye kufundisha. Kanuni hiyo imejadiliwa mara nyingi kama nadharia ya fasihi. Yafaa ijadiliwe kwanza kama kanuni ya biashara. Msomaji aliyefundishwa kidogo na hadithi huenda akageuza ukurasa akayasoma makala, na aliyeyasoma makala huenda akayatazama matangazo ya vali na betri yaliyo nyuma ya gazeti. Kusema hivi si kumtukana Gernsback. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kuuza kifaa na kuelimisha taifa ni kazi moja, na katika miaka ile, kwa kijana aliye mbali na mji asiye na mwalimu wa fizikia, zilikuwa kweli kazi moja.

Iwapo mtu ataka kuipima kanuni hiyo kwa kazi iliyo karibu naye, na achukue Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Humo Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na chombo kinamfikisha katika nchi nyingine yenye utaratibu mwingine wa maisha. Chombo kipo, anga ipo, na nchi ngeni ipo. Lakini mtunzi hajali jinsi chombo kinavyokwenda, kwa sababu anajali jinsi watu wanavyotawaliwa. Kwa mizani ya Gernsback ile robo ya sayansi imekosekana, na hadithi ingerudishwa kwa mwenyewe. Mizani hiyo basi hupima kitu kimoja tu, nacho ni kiasi ambacho hadithi inalitumikia duka. Mhakiki wa Kiswahili anayeitumia leo kuuliza kama sisi tuna hadithi za kisayansi au hatuna, anatumia vipimo vya muuza vifaa wa New York bila ya kujua.

Kupanda kwa kampuni kulikuwa kupanda kwa redio yenyewe. Tangu mwaka wa 1920 vituo vya redio vilizidi kufunguliwa Marekani, na mamia ya maelfu ya watu walitaka kujitengenezea vyombo vya kusikilizia. Radio News liliwapa michoro na matangazo ya vipuri, na faida ikaingia. Faida hiyo ililipia mambo mawili. La kwanza lilikuwa kituo. Mnamo Juni 1925 kampuni ilianza kutangaza kwa kituo chake yenyewe, WRNY, katika hoteli ya Roosevelt mjini New York. Hapo duara likakamilika: gazeti lilitangaza habari za kituo, kituo kilitangaza habari za gazeti, na msikilizaji alihitaji chombo ambacho gazeti lilimfundisha kukitengeneza. Mwaka wa 1926 kituo kiliwasikilizisha watu Pianorad, kinanda cha umeme kilichobuniwa na Gernsback mwenyewe.

La pili lilikuwa gazeti la hadithi. Gernsback alikuwa amekwisha kujaribu kina cha maji mara mbili. Agosti 1923 alitoa toleo la Science and Invention lililosheheni hadithi za kisayansi. Mwaka wa 1924 aliwaandikia wasomaji barua ya kuwapima kama wangenunua gazeti la hadithi tupu, na majibu yakawa baridi. Mwanzoni mwa 1926 gazeti lake moja la mafundi wa umeme, lililoitwa The Experimenter, lilikuwa halina nguvu. Akalizika na kuliunganisha na Science and Invention, na nafasi iliyobaki akaipa Amazing Stories, toleo la Aprili 1926, bei senti 25. Gazeti la kwanza duniani la Kiingereza lililojitolea kwa hadithi za kisayansi peke yake liliketi katika kiti kilichoachwa na gazeti la mafundi. Mara nyingi jambo hili hupitwa kama habari ndogo ya uendeshaji, hali ndilo linaloeleza sura ya toleo lile la kwanza.

Toleo hilo lilikuwa na hadithi sita, na zote zilikuwa zimekwisha kuchapwa kwingine. Watatu kati ya watunzi ni Jules Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Wengine ni Waamerika wa siku zile. Katika jalada la Frank R. Paul watu wanateleza juu ya barafu huku sayari ya Zohali imening'inia angani kama taa ya ukumbini. Paul alikuwa mzaliwa wa Austria aliyesomea uchoraji wa majengo, na hilo laonekana: mitambo yake ina bawabu na dirisha na ngazi, mtu angeweza kuijenga, lakini nyuso za watu wake ni za sanamu za dukani. Hakuna mwandishi wa gazeti lile aliyeielewa kanuni ya mwenye mali kuliko mchoraji huyu.

Wells alidumu. Tangu toleo la kwanza hadi katikati ya mwaka wa 1928 halikutoka toleo lisilo na kazi yake. Wengine wameona katika hilo heshima ya mhariri kwa fasihi bora, na heshima haikukosekana. Lakini kazi iliyochapwa zamani ilipatikana kwa bei nafuu kuliko kazi mpya, na hapo ndipo yafaa kuligusa suala la ujira. H. P. Lovecraft alitoa kwa gazeti hili, toleo la Septemba 1927, hadithi yake The Colour Out of Space, ambayo wengi huihesabu kuwa bora katika kazi zake zote. Alilipwa dola 25, tena baada ya kudai kwa muda mrefu. Hadithi ina maneno kama elfu kumi na mbili. Kila neno likapata sehemu ya tano ya senti. Lovecraft hakuwauzia tena. Katika miaka hiyo hiyo mshahara wa Hugo ulikuwa dola elfu hamsini kwa mwaka, na wa Sidney haukuwa mbali nao.

Hesabu hizi mbili zikiwekwa pamoja hutia uchungu, wala hazihitaji maneno makali. Ila msomaji asikimbilie kudhani kwamba huo ni ubahili wa tabia tu. Katika mpango wa kampuni, hadithi haikuwa bidhaa. Bidhaa ilikuwa msomaji, ambaye usikivu wake uliuzwa kwa wenye matangazo. Mtunzi alihesabiwa pamoja na wino na gundi, gharama ya kupunguzwa. Aliyesoma Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka wa 1923, anajua kwamba ukurasa wa mashairi hausomeki vizuri ukitengwa na kurasa za kilimo na afya zilizouzunguka. Mwenye gazeti alikuwa na shabaha yake, na mshairi aliijua. Hali ni hiyo hiyo hapa, ingawa bwana mmoja ni serikali na mwingine ni soko. Anayezichambua hadithi za Amazing Stories katika vitabu vya mkusanyo, zikiwa zimesafishwa matangazo yake, anachambua samaki aliyekwisha kutolewa miiba.

Kulikuwa na ukurasa mmoja, hata hivyo, ambao duka lilianzisha lisijue linaanzisha nini. Gazeti lilichapa barua za wasomaji, na pamoja na barua likachapa majina na anwani zao kamili. Kwa muuza vifaa hili ni jambo la kawaida. Barua ya mteja aliyeridhika ni tangazo lisilo na gharama. Lakini kijana wa mji mmoja, akiisha kusoma hoja ya kijana wa mji mwingine na kukuta anwani chini yake, hakumwandikia tena mhariri. Alimwandikia kijana mwenzake. Hivyo wasomaji wakajuana bila ya kupitia kaunta ya duka. Labda ndiyo mara ya kwanza katika historia ya magazeti ya hadithi kwa hadhira kujipanga yenyewe kuwa jamii yenye kumbukumbu, magomvi na mahakimu wake. Mhakiki angeweza kuandika kitabu kizima juu ya ukurasa huo.

Mwezi wa Agosti 1928 ulikuwa kilele, na pia ulionyesha ufa. Katika mwezi huo WRNY ilianza kurusha televisheni. Picha ilikuwa na mistari 48, nayo ilionekana kwa ukubwa usiozidi sana stampu ya posta. Kituo hakikuweza kupeleka sura na sauti kwa pamoja, basi zilipokezana. Ni vigumu kupata mfano bora wa kampuni yenyewe: ahadi ya karne nzima katika kidirisha cha inchi moja na nusu, pasipo namna ya kumtoza mtazamaji hata senti. Waliokuwa na chombo cha kuipokea walikuwa wachache mno.

Toleo la Amazing Stories la mwezi huo huo lilikuwa na kazi mbili mpya. Moja ni mwanzo wa The Skylark of Space ya E. E. Smith na Lee Hawkins Garby; ya pili ni Armageddon 2419 A.D. ya Philip Francis Nowlan, ambamo alitokea kwa mara ya kwanza yule shujaa aliyekuja kujulikana kwa jina la Buck Rogers. Smith alikuwa na shahada ya udaktari wa kemia, kwa hiyo mtu angetazamia kwamba yeye ndiye angeitii kanuni ya robo ya sayansi. Alifanya kinyume. Nguvu inayokiendesha chombo chake inagunduliwa karibu kwa ajali, inaelezwa kwa aya chache, kisha inasahauliwa, na wasafiri wanatoka nje ya mfumo wa jua letu kwa kasi isiyokubalika na hesabu yoyote ya wakati ule. Wasomaji waliipenda mno. Lugha ya kitabu ni nzito na wanawake wake ni wa karatasi, lakini ndani yake kuna kitu ambacho Ralph hakuwa nacho, yaani furaha ya umbali. Hakuna cha kununua huko nje. Hadithi imetoka dukani ikaacha mlango wazi.

Wakati hadithi inatoka, duka lenyewe lilikuwa linapoteza wateja. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kuuza redio zilizokamilika, na tangu mwaka wa 1927 zikapatikana kwa wingi zile zinazotumia umeme wa nyumbani, bila betri na bila michoro. Mtu anayeweza kununua redio ndani ya sanduku la mbao iliyong'arishwa hana haja ya kujifunza kusuka koili. Fundi wa nyumbani, ambaye kampuni nzima ilijengwa juu ya mabega yake, alikuwa anageuka kuwa msikilizaji. Tena sheria ya redio ya 1927 iliiweka hewa chini ya tume ya serikali, na katika mgawo mpya wa mawimbi wa Novemba 1928 WRNY ililazimika kugawana muda na vituo vingine. Kituo kilikuwa na gharama zake zote na sehemu tu ya saa zake. Juu ya hayo palikuwa na mishahara ile ya wenye mali, na magazeti mapya yaliyoanzishwa kabla ya yale ya zamani kulipa madeni yake. Mchapaji na muuza karatasi hawali ndoto.

Kuna kisa ambacho kimesimuliwa kwa miaka mingi miongoni mwa wapenzi wa hadithi hizi, kwamba anguko lile lilikuwa njama ya mchapishaji mshindani, Bernarr Macfadden, aliyelitaka shamba la jirani. Mwaka wa 1978 Tom Perry alichapa uchunguzi wake wa jambo hili, akiwa ameyarudia maandishi ya kesi, na njama hakuiona. Aliona kampuni iliyotumia kuliko ilivyopata. Kisa cha njama, walakini, chafaa kutazamwa na mhakiki kama hadithi. Kina mvumbuzi safi, tajiri mwovu, na hazina iliyoibwa. Ndiyo ploti ya nusu ya kazi zilizochapwa katika gazeti lenyewe. Wasomaji walimwandikia mwanzilishi wao historia kwa kalamu aliyowapa yeye.

Kampuni ikagawanywa. Magazeti yalipata wenyeji wapya na yakaendelea kutoka. Hatimaye mnamo 1931 yakaingia katika himaya ya Macfadden, jambo lililokipa kile kisa cha njama mafuta ya kuwakia. Kituo kikauzwa kwa watu wa mambo ya ndege, na baada ya miaka michache jina la WRNY likatoweka hewani. Wadai walipata sehemu kubwa ya fedha zao kuliko ilivyotazamiwa. Gernsback hakukaa chini. Aliwaandikia wasomaji wa zamani, akawaomba walipie magazeti ambayo hayajakuwapo, na wengi wakalipa. Katika Juni 1929, miezi minne tu baada ya mahakama, lilitoka Science Wonder Stories, na mwezi uliofuata Air Wonder Stories na Radio-Craft. Paul alimfuata.

Hapo ndipo tokeo la maana zaidi lilipotukia. Kwa miaka mitatu Gernsback aliziita hadithi zake "scientifiction", neno alilolishona kwa vipande viwili kama fundi aungavyo waya. Neno hilo lilikuwa limeambatana na Amazing Stories, gazeti ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa wengine. Mtu aliyefukuzwa nyumbani hawezi kuendelea kujiita kwa namba ya mlango. Katika gazeti lake jipya akashika kutumia maneno mawili mepesi, "science fiction". Hakuyaumba, Mwingereza mmoja, William Wilson, alikwisha kuyaandika mwaka wa 1851 na hakuna aliyeyajali. Lakini safari hii yalishika, na ndiyo ambayo lugha nyingine zimeyafasiri, Kiswahili kikiwamo, tunaposema hadithi za kisayansi au bunilizi za kisayansi. Jina la utanzu mzima limetoka katika shauri la muflisi.

Tokeo la pili lilimhusu mwandishi. Kabla ya Februari 1929 palikuwa na mnunuzi mmoja wa hadithi hizi, naye alitoa alichotaka alipotaka. Baada ya Juni walikuwapo wawili waliochukiana, na mwanzoni mwa 1930 likaongezeka gazeti la tatu, Astounding Stories of Super-Science, la kampuni nyingine kabisa, lililolipa senti mbili kwa neno pale hadithi ilipokubaliwa. Ni mara kumi ya alichopata Lovecraft. Fedha peke yake haizai fasihi, na matoleo ya mwanzo ya gazeti hilo la tatu ni ushahidi unaochosha kusoma. Ila mtunzi aliyelipwa aliweza kukataa, na aliyeweza kukataa aliweza kubishana na kanuni ya robo. Gernsback mwenyewe hakujifunza. Donald Wollheim, kijana aliyemwuzia hadithi iliyotoka Januari 1934 kwa ujira wa dola kumi, hakulipwa. Akawatafuta wenzake waliodhulumiwa vivyo hivyo, akawapata kwa ile ile njia ya kuandikiana iliyofunguliwa na ukurasa wa barua, wakaenda kwa wakili. Shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa dola 75.

Amazing Stories lilibaki na mhariri mzee, Bwana T. O'Conor Sloane, aliyezaliwa mwaka wa 1851, mtu wa elimu na adabu ambaye mwanawe alimwoa binti wa Thomas Edison. Hakuamini kwamba binadamu atasafiri kwenda sayari nyingine, na hakuwaficha wasomaji imani hiyo. Aliliongoza gazeti hadi 1938, polepole, huku akichapa hadithi za safari za sayari. Na aliendelea kuchapa barua. Mwaka wa 1930 baadhi ya wale walioandikiana walitoa gazeti lao wenyewe, The Comet, kurasa chache zilizopigwa kwa mashine ya ofisi, bila duka nyuma yake na bila kituo. Mtu angetazamia kukuta humo hadithi, au walau uhakiki wa hadithi. Zaidi ya yote yamo makala ya sayansi.